Moto wa Biogesi Unapofifia: Jinsi ya Kutambua Tatizo Kabla ya Kuuacha Mtambo

Na Mratibu wa Miradi, Idara ya Maendeleo ya Dayosisi



Katika ziara za ufuatiliaji sharikani, swali tunaloulizwa mara nyingi kuhusu biogesi si namna ya kujenga mtambo. Ni hili: "Mtambo wetu ulikuwa unawaka vizuri, sasa jiko linafanya vituko. Tufanyeje?" Mmoja anasema moto unacheza. Mwingine anasema moto umekuwa wa njano na sufuria zinajaa masizi. Mwingine anasema gesi ipo asubuhi tu, jioni hakuna kitu. Na katika baadhi ya nyumba mama amekwisha kurudi kwenye mafiga na kuni, na jiko la gesi limegeuzwa meza ya kuwekea vyombo.

Jambo hili si dogo. Mtambo wa kuba uliojengwa vizuri kwa tofali na saruji unaweza kufanya kazi miaka 20 na zaidi. Fedha, mchanga, mawe na nguvu za washarika vimeshazikwa ardhini. Mtambo ukiachwa kwa sababu ya moto usioeleweka, hasara inaipata familia, usharika na mfadhili kwa pamoja. Lakini mara nyingi tatizo haliko ndani ya kuba hata kidogo. Liko kwenye bomba, kwenye koki au kwenye jiko lenyewe, mahali ambapo mwenye nyumba anaweza kufika kwa sabuni, kitambaa na spana.

Makala hii inaeleza jinsi ya kulitafuta tatizo hatua kwa hatua. Tunaomba kila kamati iisome pamoja na wenye mitambo, na nakala moja ibandikwe jikoni.

MTAMBO UNAFANYAJE KAZI?

Biogesi si teknolojia ngeni nchini. SIDO ilianza kujenga mitambo mwaka 1975, ile yenye pipa la chuma linaloelea. Katika miaka ya 1980 CAMARTEC ya Arusha, kwa ushirikiano na Wajerumani, iliendeleza mtambo wa kuba usiohitaji pipa la chuma, na kuanzia mwaka 2009 Programu ya Biogesi ya Taifa iliueneza mtambo wa aina hiyo ukiwa umeboreshwa. Mitambo mingi katika sharika zetu ni ya aina hii ya kuba.

Samadi na maji huchanganywa katika tangi la kuingizia na kushuka ndani ya kuba. Humo hakuna hewa. Bakteria huivunjavunja samadi na kutoa gesi. Sehemu kubwa ya gesi hiyo, kati ya asilimia 55 na 70, ni methani, ambayo ndiyo inayowaka. Sehemu nyingine kubwa ni kaboni dayoksaidi, ambayo haiwaki. Umo pia mvuke wa maji, na kiasi kidogo cha gesi ya salfa inayonuka kama yai viza.

Gesi inapojikusanya juu ya kuba, hulisukuma tope lipande katika tangi la kutokea. Uzito wa tope lile lililopanda ndio unaoisukuma gesi kwenda jikoni. Ukifungua jiko, gesi inatoka na tope linarudi chini taratibu. Kumbuka jambo hili, kwa sababu litatusaidia mbele: tangi la kutokea ni kama dirisha la kuchungulia kuba. Ukiona tope limepanda, gesi ipo. Ukiona tope limelala chini siku nzima, gesi haipo.

KWANZA PIGA HESABU

Kabla ya kusema mtambo umeharibika, tuhakikishe hatuudai kuliko uwezo wake. Hesabu yenyewe ni rahisi.

Kilo moja ya samadi mbichi ya ng'ombe, wakati wa joto, hutoa takriban lita 40 za gesi. Familia inayofuga ng'ombe wawili wa maziwa bandani na kuingiza ndoo moja ya samadi kwa siku, yaani takriban kilo 20, hupata kama lita 800 za gesi. Jiko la sahani moja linapowaka kwa nguvu hutumia takriban lita 400 kwa saa. Kwa hiyo familia hii ina saa 2 za moto kwa siku, si zaidi.

Saa 2 zinatosha chai ya asubuhi, ugali na mboga, na maji ya moto ya kuogea watoto, iwapo moto unapunguzwa sufuria ikishachemka. Hazitoshi kama mama amebandika maharage makavu au makande tangu asubuhi. Sufuria hiyo moja inaweza kumaliza gesi ya siku nzima, na jioni familia ikasema mtambo umekufa. Mtambo haujafa, maharage yamekula gesi yote. Dawa yake ni kuloweka maharage usiku kucha, kufunika sufuria na kupunguza moto baada ya kuchemka.

Jiulize pia: je, idadi ya ng'ombe ni ile ile iliyokuwapo wakati mtambo unajengwa? Ng'ombe mmoja akiuzwa kwa ajili ya ada ya shule, nusu ya gesi imeondoka naye. Hili halihitaji fundi.

PILI SOMA KIPIMO

Mitambo mingi ina kipimo cha msukumo wa gesi jikoni, karibu na koki ya jiko. Kingine ni mpira wa plastiki uliopinda wenye maji ya rangi, kingine ni cha mshale. Watu wengi hukitazama ili kujua kama gesi ipo au haipo. Kipimo kinaweza kusema zaidi ya hapo, kama kikitazamwa wakati jiko linawashwa.

Fungua koki kuu iliyo karibu na kuba. Soma kipimo jiko likiwa limefungwa. Kisha washa jiko kwa nguvu na uendelee kutazama. Utaona mojawapo ya mambo matatu:

(a) Kipimo kiko juu, jiko likiwashwa kinaanguka ghafla, na jiko likifungwa kinapanda tena upesi. Hapo gesi ipo ndani ya kuba, ila njia yake imezibwa mahali fulani kabla ya kipimo. Ama kuna maji ndani ya bomba, ama koki kuu haijafunguka vizuri, ama bomba limebanwa na jiwe au mzizi.

(b) Kipimo kiko juu na kinabaki juu hata jiko likiwa wazi, lakini moto ni mdogo. Hapo gesi imefika jikoni salama. Kizuizi kiko baada ya kipimo, yaani kwenye mpira wa jiko au kwenye tundu dogo la kutolea gesi ndani ya jiko, ambalo huzibwa na kutu, mafuta au hata mdudu.

(c) Kipimo kiko chini tangu mwanzo, kinazidi kushuka kadiri unavyopika, na ukifunga jiko hakipandi. Hapo gesi yenyewe ni kidogo. Ama imetumika yote, ama inavuja, ama haizalishwi.

Jaribio hili linachukua dakika chache na halina gharama. Lakini linatenganisha tatizo la jiko, tatizo la bomba na tatizo la mtambo. Fundi anayeanza kufukua kuba kabla ya kulifanya anatumia fedha za usharika kwa kubahatisha.

TATU TAZAMA TABIA YA MOTO

Moto mzuri wa biogesi ni wa buluu, mfupi, umetulia na hautoi moshi. Mchana wenye mwanga mkali unaweza hata usiuone vizuri. Ukibadilika, sura yake ina maana.

1. Moto wa njano, mrefu, wenye masizi. Gesi haipati hewa ya kutosha. Lita moja ya biogesi huhitaji karibu lita 6 za hewa ili iungue sawasawa. Hewa hiyo huingia kupitia matundu yaliyo karibu na shingo ya jiko, na mengi yana pete inayozungushwa. Safisha matundu hayo, kisha zungusha pete polepole mpaka moto uwe wa buluu. Safisha pia matundu ya juu ya jiko kwa sindano au waya mwembamba, hasa pale maziwa au uji ulipomwagikia.

2. Moto unaoruka juu ya jiko, unapiga mluzi na kuzimika. Msukumo ni mkubwa mno au hewa imezidi. Hutokea zaidi asubuhi, wakati kuba limejaa baada ya usiku kucha. Punguza koki ya jiko, au punguza hewa kidogo kwa pete.

3. Moto unaorudi ndani ya jiko kwa mlio wa "pu!". Msukumo ni mdogo na hewa ni nyingi. Funga jiko, liache lipoe, punguza hewa, kisha washa upya. Kama kipimo kiko chini sana, subiri gesi ijikusanye.

4. Moto unaocheza, unapanda na kushuka kama unapumua, na bomba linasikika likikoroma. Hayo ni maji. Gesi hutoka kwenye kuba ikiwa na joto na mvuke. Ikipita katika bomba lililopoa, mvuke unageuka matone na kutuama mahali bomba lilipolala chini. Ndiyo maana kila mtambo una koki ya kutolea maji mahali pa chini kabisa pa bomba. Funga koki ya jiko, hakikisha hakuna moto wala sigara karibu, fungua koki ile mpaka maji yaishe na gesi ianze kusikika, kisha uifunge mara moja. Fanya hivyo kila mwezi, na mara nyingi zaidi wakati wa baridi.

Katika usharika mmoja, mama mjane alipika kwa kuni kwa miezi kadhaa kwa sababu moto wake ulikuwa ukicheza na kuzimika, na koki ya kutolea maji haikutoa hata tone. Alishaambiwa na jirani kuwa kuba limepasuka. Ilipochunguzwa, ilionekana kwamba vijana waliochimba mtaro wa bomba la maji ya kunywa walilifukia bomba la gesi vibaya. Likawa limelegea na kufanya bonde dogo mbali na koki ile, na maji yote yalituama hapo. Bomba liliinuliwa, likawekewa mteremko upya kuelekea kwenye koki, na siku ile ile jioni chai ilichemka kwa gesi. Kuba lilikuwa zima.

5. Gesi ni nyingi, kipimo kiko juu, lakini kiberiti hakikamati. Hapa gesi iliyomo ni kaboni dayoksaidi zaidi kuliko methani. Kwa mtambo mpya hili ni jambo la kawaida katika wiki za mwanzo. Gesi ile ya kwanza hutolewa nje, mahali pa wazi pasipo na moto, mpaka ije inayowaka. Kwa mtambo wa siku nyingi ni dalili kwamba bakteria wameugua, na tutaeleza hilo hapa chini.

6. Jiko jipya la dukani linatoa moto mdogo kama wa mshumaa. Wapo wanaonunua mjini jiko la gesi ya mtungi na kuliunganisha na biogesi. Gesi ya mtungi ina nguvu nyingi zaidi katika kila lita, kwa hiyo tundu lake la kutolea gesi hufanywa dogo sana. Biogesi ikipita hapo haitoshi kitu. Tundu linapaswa kupanuliwa na fundi anayejua kipimo chake. Kinyume chake ni hatari: jiko la biogesi lisiunganishwe kamwe na mtungi, kwa sababu tundu lake kubwa litatoa moto usiozuilika.

NNE TAFUTA PANAPOVUJA

Kama jaribio la kipimo limetoa jibu (c), tenganisha bomba na kuba. Jikoni funga jiko. Fungua koki kuu ili bomba lijae gesi, soma kipimo, halafu funga koki kuu. Subiri saa moja. Kipimo kikishuka, bomba linavuja. Kikikaa palepale, bomba ni zima. Fanya jaribio hili wakati hali ya hewa imetulia, kwa kuwa jua likipiga bomba lililo wazi hukipandisha kipimo na baridi hukishusha, na unaweza kudanganyika.

Kama bomba linavuja, fungua tena koki kuu, koroga maji ya sabuni yenye povu na upake kila kiungo, kila koki na urefu wote wa mpira wa jiko. Panapovuja povu litafura. Usitafute uvujaji kwa kiberiti hata siku moja. Mpira uliopasuka ubadilishwe. Kiungo kinachovuja kifunguliwe, kizungushiwe tepu nyeupe ya mafundi bomba na kukazwa upya, koki kuu ikiwa imefungwa.

Kama bomba ni zima, acha koki kuu wazi na jiko limefungwa usiku kucha. Asubuhi tazama kipimo na tangi la kutokea. Mambo mawili hutofautisha kuba linalovuja na kuba lisilozalisha. Kuba lisilozalisha hupandisha kipimo taratibu mno, siku baada ya siku. Kuba lenye ufa hupanda vizuri, halafu kipimo husimama kila siku kwenye namba ile ile, chini ya kile kiwango cha juu kilichokuwa kikifikiwa zamani. Sababu ni kwamba gesi inapoongezeka, tope ndani ya kuba linashuka, na likishashuka chini ya ufa, gesi yote inayozidi inapata mlango wa kutokea.

Kwa mitambo yenye mfuniko juu ya kuba uliozibwa kwa udongo wa mfinyanzi, angalia maji yaliyo juu ya mfuniko. Mapovu yakionekana, udongo umekauka na kupasuka. Kuuziba upya ni kazi ya fundi, lakini ni kazi ndogo. Kuweka maji hapo kila mara ni kazi ya mwenye nyumba.

TANO UTUNZE MTAMBO KAMA MFUGO

Mtambo ni kitu chenye uhai. Bakteria walio ndani wanakula, wanaathiriwa na baridi na wanaugua. Ikiwa hakuna panapovuja na gesi bado ni kidogo, chunguza mambo haya:

Chakula. Samadi na maji viwe sawa kwa sawa, ndoo kwa ndoo, kila siku. Mkojo wa ng'ombe unaweza kuchukua nafasi ya sehemu ya maji wakati wa kiangazi. Mchanganyiko mzito sana huziba njia. Mchanganyiko mwepesi sana huisukuma samadi nje kabla haijatoa gesi yake yote. Kuacha siku nne halafu kuingiza ndoo tano kwa mpigo hakufai, kwani kunawashibisha bakteria kupita kiasi na tope linakuwa chachu.

Takataka. Majani, nyasi na mabaki ya migomba huelea na kutengeneza utando mgumu. Mchanga na mawe huzama na kula nafasi ya kuba. Vyote hivyo viondolewe kwa mkono katika tangi la kuchanganyia, kabla ya kufungua kizibo.

Sumu. Maji ya sabuni, dawa ya kuoshea banda na dawa ya kuogeshea mifugo visiingie mtamboni. Ng'ombe anayetibiwa kwa antibayotiki naye samadi yake isiingie. Kanuni rahisi ya kukumbuka: siku zile ambazo maziwa yake hayanywewi kwa sababu ya dawa, samadi yake nayo iende shambani.

Baridi. Bakteria hawa hupenda joto la nyuzi 30 hadi 37. Katika sharika zetu za milimani, miezi ya Juni hadi Agosti gesi hupungua hata kama kila kitu kimefanywa sawasawa. Usiongeze samadi kwa hasira. Changanya kwa maji yaliyopata jua la mchana, hakikisha kuba limefukiwa vizuri kwa udongo, na wala usilipandie miti ya kulitia kivuli.

Uchachu. Tope linalotoka katika mtambo wenye afya halinuki sana. Likiwa na harufu kali ya uchachu na gesi haishiki moto, acha kulisha kwa siku kadhaa. Kisha ingiza ndoo chache za tope zima kutoka mtambo wa jirani, na uanze tena kulisha kidogo kidogo. Mtambo hupona polepole, kwa wiki, si kwa siku moja.

MAMBO YASIYOFANYWIWA MZAHA

Tunayataja haya peke yake kwa sababu yanagusa uhai wa watu.

Mtu yeyote asiingie ndani ya kuba au tangi la kutokea, hata kama linaonekana tupu, hata kama ni kumwokoa mwenzake. Ndani hamna hewa ya kutosha, na gesi ya salfa ikizidi huua uwezo wa pua kunusa kabla ya kumwangusha mtu. Wa pili anayeshuka kumfuata wa kwanza hufa naye. Kazi hiyo ni ya fundi aliyefunzwa, baada ya kuba kufunguliwa na kupitishiwa hewa ya kutosha, mwenyewe akiwa amefungwa kamba na watu wa kumvuta wakiwa juu. Matangi yote yafunikwe ili watoto na mifugo wasitumbukie.

Ukisikia harufu ya yai viza jikoni, gesi inavuja bila kuungua. Usiwashe wala kuzima taa ya umeme, usiwashe kiberiti. Fungua mlango na madirisha, funga koki kuu kule nje, na kila mtu atoke mpaka harufu iishe.

Usijaribu kuwasha gesi kwenye bomba linalotoka moja kwa moja kwenye kuba. Moto unaweza kurudi ndani. Gesi ijaribiwe kwenye jiko tu.

Usiwashe jiko katika chumba kilichofungwa ili kujipasha joto au kuchemsha maji ya kuoga huku watu wamelala. Moto usiopata hewa ya kutosha, hasa ule wa njano, hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoua kimya kimya. Kila jiko la gesi linahitaji dirisha.

MANENO KWA KAMATI NA WAFADHILI

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020. Serikali yetu nayo ilizindua mwaka 2024 Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo mwaka 2034. Kwa hiyo maombi ya mitambo mipya yataendelea kuja, na ni vema yaje.

Hata hivyo, mtambo uliozimika haumsaidii mama kuepuka moshi, ingawa katika taarifa ya mradi unaendelea kuhesabiwa kuwa umejengwa. Kuna tofauti kati ya kuhesabu makuba na kuhesabu majiko yanayowaka. Tunapendekeza sharika zihesabu majiko yanayowaka, na wafadhili waulize hesabu hiyo. Kwa ajili hiyo tunaziomba kamati mambo manne:

Moja, kila usharika wenye mitambo uteue watu wawili, mmoja wao awe mwanamke anayepikia biogesi, wajifunze majaribio yaliyoelezwa hapa na kuitembelea kila nyumba mara moja kila baada ya miezi mitatu.

Mbili, kila nyumba iwe na daftari dogo jikoni: ndoo za samadi zilizoingizwa, namba ya kipimo asubuhi, na siku maji yalipotolewa kwenye bomba. Fundi akija, daftari hilo litampunguzia nusu ya kazi.

Tatu, wenye mitambo waanzishe mfuko mdogo wa matengenezo kwa mpira wa jiko, koki, tepu na nauli ya fundi. Ni vigumu kumweleza mfadhili kwamba mtambo mzima umesimama kwa kukosa mpira wa mita moja.

Nne, kabla ya usharika kuomba mtambo mpya, barua ya maombi iambatane na maelezo ya mitambo iliyopo: mingapi inawaka, mingapi imezimika, na kila uliozimika umepatikana na tatizo gani kwa mujibu wa kipimo.

Kwa wafadhili wetu, tunawaomba mkubali kuona katika bajeti fungu la ufuatiliaji na mafunzo ya mafundi baada ya ujenzi kukamilika. Fungu hilo halina jiwe la msingi wala picha ya uzinduzi. Lakini ndilo linalohakikisha kwamba mtambo mliouchangia unawaka mwaka wa kwanza, wa tano na wa kumi na tano, na kwamba tope lake linaendelea kurutubisha migomba na kahawa.

Uwakili mwema haupimwi siku ya kukabidhiwa mali. Unapimwa kwa namna tunavyoitunza pale inapoanza kusumbua. Kesho asubuhi, kabla ya kubandika chai, mwenye mtambo na atazame kipimo, awashe jiko, na aone kinafanya nini. Kuanzia hapo mengi yanaweza kutengenezeka.